UZI: Mwanafunzi mwenye ulemavu wa viungo na kompyuta ya shule. Kifaa tukiweke mwisho wa mazungumzo

#1 MlinziWaMaabara

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nimesimamia maabara ya kompyuta shuleni kwa miaka kadhaa. Wiki hii nimeulizwa tena swali ambalo nimeshaulizwa sijui mara ngapi: "Mwalimu, tumepokea mwanafunzi ambaye mikono yake haimtii, tumnunulie kifaa gani?" Anayeuliza huwa ana nia njema, ila swali lake limeanzia mkiani. Nimeona nifungue uzi ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu.

Nianze na aibu yangu. Shule niliyokuwepo zamani ilipewa mashine ya kufuata macho, ile inayopachikwa chini ya skrini, ukitazama herufi inaandika. Mashine ya maana kweli. Ilimhusu kijana mmoja mwenye mtindio wa ubongo, mikono inakaza na kucheza yenyewe. Siku ya kukabidhiwa zikapigwa picha, halafu ikafungiwa kabatini, ufunguo ukawa wa mtu mmoja ambaye mara nyingi hayupo. Ikitolewa, inawekwa kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Mashine hizi nyingi hutumia mwanga wa infraredi, kwa hiyo jua likiingia zinachanganyikiwa. Kijana anarekebisha macho upya kila kipindi, dakika kumi na tano zimekwenda, shingo imechoka, somo limekwisha. Muhula mzima aliandika kurasa mbili.

Aliyemwokoa alikuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo aliyepita kwa shughuli nyingine kabisa. Hakuigusa hata ile mashine. Alipiga magoti, akatazama miguu ya kijana inaning'inia, akaomba kiboksi cha kuikanyagia. Meza ikainuliwa ili viwiko vipate pa kuegemea. Kibodi ikasogezwa upande wa kushoto na kubandikwa isiteleze. Kisha akabonyeza Shift mara tano (maana yake nitaieleza chini). Mwezi ule yule kijana aliandika insha nzima kwa kidole kimoja.

Ukimkalisha mtoto vibaya, mkono unafanya kazi mbili, kuzuia kiwiliwili kisianguke na kuandika. Hakuna programu inayotibu hilo.

Nitaendelea chini.

#2 Mpita_Njia

Naweka kambi hapa.

#3 MlinziWaMaabara

Tuendelee. Kuna utaratibu wa maswali uliowekwa na Joy Zabala wa Marekani miaka ya 1990, unaitwa SETT. Ukiutoa kwenye Kiingereza ni hivi: mwanafunzi, mazingira, kazi, halafu vifaa. Kifaa ni cha nne. Unauliza huyu mtu mwili wake unaweza nini bila kuchoka. Unauliza anasomea wapi, na nani wako karibu, na umeme upo au haupo. Unauliza anatakiwa afanye nini hasa: anakili kutoka ubaoni? Anachora jiometri? Anajibu maswali ya kuchagua? Hapo ndipo vifaa vinapoingia, na mara nyingi unakuta orodha imeshapungua yenyewe.

Sasa vile vya bure, kwa sababu vimo ndani ya kompyuta mnazozitumia hivi sasa na wengi hamjawahi kuvifungua. Vya kibodi viliasisiwa na Trace Center, kituo cha utafiti kilichokuwa kwenye Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, chini ya Gregg Vanderheiden. Vimo ndani ya Windows tangu Windows 95, na Mac, Linux na Chromebook nazo zina vya kwao.

Sticky Keys ni kwa anayeandika kwa kidole kimoja, mkono mmoja, au kijiti cha mdomoni. Badala ya kushikilia Ctrl na C kwa pamoja, unabonyeza Ctrl, unaachia, unabonyeza C. Kwenye Windows unaiwasha kwa kubonyeza Shift mara tano. Fikirieni mashine zile za kuomba Ctrl, Alt na Delete kwa mpigo kabla hujaingia. Mwenye mkono mmoja anakwama mlangoni kabisa, hata hajaona skrini.

Filter Keys ni kwa mkono unaotetemeka au kidole kinachogandia. Unaiambia kompyuta ipuuze mguso wa haraka haraka, au ipuuze herufi inayojirudia. Shikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, itauliza kama unaitaka. Zingatia kwamba hizo ni tabia mbili tofauti. Anayegusa herufi asizozitaka njiani anahitaji kompyuta isubiri kidogo kabla ya kukubali. Anayepiga herufi anayoitaka mara tatu anahitaji ipuuze marudio. Ukiwasha isiyo yake bila kujua, mtoto anaona kibodi imekufa.

Mouse Keys inafanya namba za upande wa kulia zisogeze mshale. Unaiwasha kwa Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock. Laptop nyingi hazina zile namba za pembeni, kwa hiyo tafuta kibodi ndogo ya namba ya USB.

Sasa mtego ulionisumbua wiki nzima kabla sijaugundua. Sticky Keys ina mpangilio wa kujizima pale vitufe viwili vinapobonyezwa pamoja. Rafiki anakuja, "ngoja nikusaidie," anabonyeza Ctrl na S kama kawaida yake, tayari ameizima. Mwenye kuihitaji anarudi na kukuta mambo hayaendi. Ondoeni alama kwenye kisanduku hicho.

Na mtego mwingine: mipangilio hii hukaa kwenye akaunti ya mtumiaji. Kama maabara nzima inaingia kwa akaunti moja inayoitwa "mwanafunzi", au mashine zinajisafisha zikizimwa, basi kila asubuhi mtoto huyu anaanza upya. Mpeni akaunti yake.

#4 Mbishi_Mstaarabu

Mkuu, umeandika vizuri lakini naona unatuzungusha. Siku hizi mtu anaongea, kompyuta inaandika. Mtoto mikono haifanyi kazi, mpe maikrofoni, mambo yameisha. Shift mara tano ya nini?

#5 KidoleKimoja

Ndugu yangu Mbishi, ruhusu nikujibu mimi, maana mimi ndiye huyo mtoto, ila sasa ni mtu mzima niliyemaliza chuo.

Kwanza, hali iliyochukua mikono yangu imechukua na sehemu ya ulimi. Wengi wenye mtindio wa ubongo tuko hivyo. Watu wa nyumbani wananielewa vizuri, mgeni anahitaji siku mbili tatu. Kompyuta ni mgeni wa kudumu, kwa sababu ilifunzwa kwa sauti za watu wasiosema kama mimi. Google walianzisha Project Euphonia mwaka 2019 kwa tatizo hilo, na Chuo Kikuu cha Illinois kikaja na mradi wake wa kukusanya sauti za namna hii mwaka 2022, kwa hiyo kazi inafanyika. Ila mimi mtihani wangu ulikuwa mwaka ule niliokuwa darasani.

Pili, darasa lina watu arobaini. Nikisema jibu kwa sauti, nimewapa wote jibu. Nikitengwa chumba changu, nimetolewa darasani.

Tatu, na hili watu hawalifikirii: kuandika kwa kusema ni ufundi wake. Unatakiwa uwe na sentensi nzima kichwani kabla hujafungua mdomo. Mtoto wa darasa la nne hana. Anaandika neno, analitazama, analifuta, anaweka jingine. Kidole changu kimoja kilikuwa kinanipa muda wa kufikiri.

Na lile jina la mtindio wa ubongo limetuponza sana. Mwalimu akisikia "ubongo" anapunguza sauti na kuanza kuongea nami kama mtoto wa miaka mitatu. Kilichoathirika ni amri ya kwenda kwenye misuli. Nilikuwa wa kwanza kwenye hesabu za kichwani, ila nilipewa picha za kupaka rangi.

Sisemi sauti haifai. Rafiki yangu ambaye misuli yake inadhoofika ana sauti safi kabisa, yeye anaendesha kompyuta nzima kwa kusema, kuanzia kufungua faili hadi kubofya. Kwake imefanya kazi vizuri sana.

#6 Mbishi_Mstaarabu

Hilo la tatu limenikamata. Endeleeni.

#7 Mama_Wawili

Samahanini, mimi ni mzazi tu, si mtaalamu. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja, mkono wa kulia hautumii, wa kushoto unatetemeka. Shuleni wamesema wanasubiri mfadhili wa vifaa. Huu ni mwaka wa pili wa kusubiri. Nifanye nini kwa sasa? Nina laptop ya kazi tu hapa nyumbani.

#8 MlinziWaMaabara

Mama, karibu sana, na hakuna "mzazi tu" hapa. Wewe unamfahamu kuliko sisi wote.

Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja saidizi, na karibu bilioni 1 hawakipati. Kwa hiyo foleni ni ndefu, lakini laptop yako haimo kwenye hiyo foleni. Leo jioni fanya hivi. Miguu ya binti ikanyage kitu kigumu. Mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi kifundo, uegemee meza. Weka kibodi upande wa kushoto wa kifua chake, usiiweke katikati kama yako. Washa Sticky Keys na Filter Keys. Kisha muulize yeye, si mimi, muda wa kusubiri uwe mrefu kiasi gani. Anza mfupi uongeze polepole, na yeye ndiye aseme "hapo".

Usipuuze hilo la kumuuliza. Mwaka 1993 Betsy Phillips na Hongxin Zhao walitoa utafiti uliohusu watu wazima 227 wenye ulemavu nchini Marekani. Asilimia 29.3 ya vifaa walivyopewa viliachwa kabisa, na moja ya sababu kubwa ni kwamba mtumiaji hakusikilizwa wakati kifaa kinachaguliwa. Mimi nilimwonea kijana wangu kwa ile mashine ya macho kwa namna hiyohiyo. Hakuna aliyemuuliza.

#9 Fundi_Waya

Nami niingie kwa upande wa waya.

Kuna watoto ambao kibodi haiwezekani, hata iwe kubwa vipi. Hao tunaenda kwenye swichi, yaani kitufe kimoja tu. Kompyuta inaonyesha jedwali la herufi, mwanga unashuka mstari kwa mstari, ukifika mstari unaoutaka unabonyeza. Kisha mwanga unapita herufi moja moja ndani ya mstari ule, unabonyeza tena. Ndiyo, ni polepole. Stephen Hawking aliandika hivyo kwa miaka mingi baada ya kupoteza sauti mwaka 1985, kwanza kwa mkono, baadaye kwa msuli wa shavu uliosomwa na kihisi kilichofungwa kwenye miwani yake. Programu waliyomtengenezea Intel, inaitwa ACAT, iliachiwa bure mwaka 2015.

Swichi yenyewe haina uchawi. Ni nyaya mbili zinazogusana ukibonyeza, na plagi ya milimita 3.5 kama ya spika za masikioni. Plagi hiyo imekuwa kama kanuni kwa watengenezaji karibu wote. Hata Xbox Adaptive Controller ya mwaka 2018 ina matundu 19 ya aina hiyo, na inaunganishwa na kompyuta vilevile. Ukiwa na chuma cha kulehemu na kipanya chakavu, unafungua kipanya, unalehemu tundu la plagi sambamba na kitufe cha kushoto, tayari una daraja la kuingiza swichi yoyote kwenye kompyuta yoyote. Nimetengeneza vya kutosha. Kimoja kilikuwa kifuniko cha boksi la plastiki na kipande cha sponji, kiko hai mpaka leo.

Kigumu ni kujua swichi ikae wapi mwilini. Watu wanakimbilia mkononi kwa mazoea. Jaribu pembeni ya kichwa, goti, ncha ya mguu, kidevu. Angalia mambo mawili. Akibonyeza, je, mwili wote unakaza? Kama unakaza, hapo si mahali pake, atachoka baada ya dakika tano. Na je, anaweza kuachia? Kubonyeza wengi wanaweza, kuachia kwa wakati ndiko kunakoshinda.

Kuhusu kasi ya mwanga, wale wa utafiti, Simpson, Koester na LoPresti, wana kanuni moja rahisi. Pima muda anaouchukua kubonyeza baada ya kuona ishara, ugawanye kwa 0.65. Akichukua sekunde 1.3, mwanga ukae sekunde 2 kila mahali. Siyo msahafu, ila ni pazuri pa kuanzia kuliko kubahatisha.

#10 KidoleKimoja

Fundi umegusa jedwali la herufi, nami nina donge langu hapo. Majedwali mengi yamepangwa kwa herufi zinazotumika sana kwenye Kiingereza, kwa hiyo E imekaa pazuri kuliko zote. Kiswahili ni A. A kila mahali! Kwa mwenye kusubiri mwanga, A ikiwa mbali anapoteza sekunde kwenye karibu kila neno. Programu nyingi zinaruhusu kupanga upya. Pangeni.

Na ubashiri wa maneno, yale mapendekezo yanayokuja juu ya kibodi. Kwa lugha yetu yanachekesha. Kitenzi "penda" kwetu kinakuja kama nampenda, walitupenda, hatutakupenda, aliyempenda, na kila kimoja kwa programu ni neno jipya ambalo halijapata kulisikia. Ukiandika "tuta" inadhani unalima, kumbe wewe uko njiani kwenda "tutaondoka". Tena kusoma mapendekezo nako ni kazi. Heidi Koester na Simon Levine walilipima hili miaka ya 1990 wakaona mtu anaweza kupunguza vitufe anavyobonyeza na bado asiongeze kasi, kwa sababu macho yanapanda na kushuka kusoma orodha.

Kilichonifaa mimi ni vifupisho. Kwenye Word kuna AutoCorrect, LibreOffice nayo inayo. Nilijiwekea "kssb" iwe "kwa sababu", "hvh" iwe "hata hivyo", na majina marefu ya somo la biolojia yote yakawa herufi tatu tatu. Nilikuwa na vifupisho kama mia mbili hivi nilipomaliza. Nilivitunga mwenyewe, kwa hiyo sikuvisahau.

Niliwahi kujaribu pia ule mpangilio wa herufi za kibodi unaoitwa Dvorak, wa mkono wa kushoto, umo ndani ya Windows. Mzuri kwa hesabu za umbali wa vidole, ila kila kibodi ya shule ina herufi zilizochapwa kwa mpangilio mwingine. Nikaacha.

#11 Mwl_Hesabu

Insha nimeelewa. Mimi nafundisha hesabu. Sehemu kwa sehemu, vipeuo, kujumlisha kwa wima, bikari. Hapo mnasemaje?

#12 MlinziWaMaabara

Mwalimu, hapo ndipo wengi hutupa taulo, na kwa kweli ndipo pagumu kuliko pote.

Kwa milinganyo: ndani ya Word bonyeza Alt na alama ya sawasawa, Sticky Keys ikiwa imewashwa. Kisanduku kikifunguka, andika 1/2 halafu nafasi, inajipanga kuwa sehemu ya juu na chini. Andika x^2 halafu nafasi, mbili inapanda juu. Andika \sqrt na nafasi, kipeuo kinatokea. Mkono hauhitaji kugusa kipanya hata mara moja.

Kwa kujumlisha kwa wima, hii nilijifunza kwa mwanafunzi mwenyewe. Tumia Excel, tarakimu moja kila kisanduku. Kisha kwenye mipangilio ya juu kuna sehemu inayosema ukibonyeza Enter mshale uende wapi. Weka kushoto. Sasa anajumlisha mamoja, Enter, makumi, Enter, mamia, kama anavyofanya mwenye penseli. Kijana alinionyesha hili mimi nikiwa nimesimama mdomo wazi.

Jiometri: tumia GeoGebra, programu ya kuchora maumbo. Duara linachorwa kwa kuandika katikati yake na urefu wa nusu kipenyo, bila bikari. Kama lengo la somo ni kujua sifa za duara, amelifikia. Kama lengo ni kushika bikari, basi tujiulize tunafundisha nini.

#13 Mtahini_Mstaafu

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Nilisahihisha mitihani kwa miaka mingi, ngoja niseme la upande wetu.

Tulikuwa tunatoa muda wa ziada wa asilimia 25 na kujiona wakarimu. Fanyeni hesabu. Insha ya maneno 300, mtoto wa kidole kimoja anaandika maneno 4 kwa dakika. Hizo ni dakika 75 za kubonyeza tu, bado hajafikiri wala kusoma swali. Mwenzake anayeandika kwa kalamu maneno 15 kwa dakika amemaliza kwa dakika 20. Robo ya ziada inamsaidia nini?

Upande wa pili, kuongeza muda bila kikomo nako ni adhabu. Mtoto amekaa saa tano, mgongo umekufa ganzi. Wakati mwingine jawabu ni kupunguza idadi ya maswali yanayopima kitu kilekile, au kugawa mtihani kwa siku mbili.

Mtanisamehe, nitatetea pia mwandishi, yaani mtu anayeandika kwa niaba ya mtahiniwa. Kwa mtoto aliyepata ulemavu mwezi uliopita, ambaye hajajifunza kifaa chochote, mwandishi ndiye njia pekee ya haki.

#14 Mbishi_Mstaarabu

Mzee shikamoo. Swali langu halisi: ubashiri wa maneno na kusahihisha tahajia si ni kumpa majibu? Wengine hawana.

#15 Mtahini_Mstaafu

Marahaba. Jiulize mtihani unapima nini. Mtihani wa imla unapima tahajia, kwa hiyo zima, na yeye mwenyewe anajua kwa nini umezima. Mtihani wa historia unapima kama anajua kilichotokea na sababu zake, mwachie. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, Ibara ya 24, unataka mwanafunzi afanyiwe marekebisho yanayolingana na mahitaji yake binafsi. Hausemi apewe alama.

#16 KidoleKimoja

Mzee wangu, kuhusu mwandishi nakubali nusu. Niliwahi kupewa mmoja, mtu mwema sana. Nikisema "mfalme alikataa katakata", anaandika "mfalme alikataa". Nikimwambia aongeze, anasema "maana ni ileile". Alama za kiswahili fasaha zilikuwa zimo kwenye hiyo katakata yangu.

#17 Mtahini_Mstaafu

Hahaha. Hiyo imenikaa vizuri.

#18 Fundi_Waya

Jingine ambalo shule zinalisahau ni mitihani na mazoezi ya mtandaoni. Unampa mtoto kibodi, swichi, kila kitu, halafu zoezi linasema "buruta jibu ulipeleke kwenye picha". Kuburuta maana yake ushikilie kitufe huku unasogeza, kwa mkono unaotetemeka haiwezekani. Miongozo ya WCAG, ile ya kufanya tovuti zitumike na wenye ulemavu, toleo la 2.2 la mwaka 2023, inataka kila kinachofanyika kwa kuburuta kiwe na njia ya kubofya tu, na vitu vya kubofya visiwe vidogo kuliko pikseli 24 kwa 24. Sharti la kila kitu kufanyika kwa kibodi lipo tangu matoleo ya nyuma.

Kipimo changu mimi ni cha dakika mbili. Kabla shule haijachagua jukwaa la kufundishia, mtu achomoe kipanya, ajaribu kufanya zoezi moja tangu kuingia hadi kutuma jibu, kwa Tab na Enter peke yake. Mkikwama, na mtoto atakwama. Na saa inayohesabu kurudi nyuma mwulize muuzaji kama inaweza kuongezwa kwa mwanafunzi mmoja bila kuwagusa wengine.

Kwa wasioweza kuburuta kwenye Windows ya kawaida, kuna ClickLock kwenye mipangilio ya kipanya. Unashikilia kidogo, inajifunga, unasogeza, unabofya tena inaachia.

#19 MlinziWaMaabara

Fundi, umenikumbusha mtu wa mtandao wa shule yangu ya awali alifunga sehemu yote ya mipangilio "ili watoto wasiharibu". Kila ombi la kuwasha Filter Keys lilibidi liandikiwe barua. Niliandika tatu. Kwa bahati njia za mkato za kibodi hakuzifunga, kwa hiyo Shift ya kulia kwa sekunde 8 ilituokoa, na sikumwambia.

Kuhusu macho, kwa kuwa nilianza kwa kuyasema vibaya, niyatendee haki. Kwa mtoto ambaye macho ndiyo misuli pekee inayomtii, hakuna mbadala. Ila mjue tatizo ambalo mtafiti Robert Jacob alilipa jina la mfalme Midas tangu 1990: kila unachotazama kinachaguliwa, kama yule aliyegeuza kila alichogusa kuwa dhahabu. Macho tumeyazoea kwa kutazama, kuyageuza kuwa kidole kunahitaji mazoezi ya miezi. Anzeni kwa michezo. Mpeni kitu cha kufurahisha kulipua kwa macho kabla ya insha, na weka kiti mbali na dirisha. Kama kichwa chake kinatulia vizuri, jaribuni kwanza Camera Mouse ya Boston College, ni ya bure, inatumia kamera ya kawaida kufuata ncha ya pua.

#20 Mama_Wawili

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Tumeweka mabuku mawili makubwa chini ya miguu. Kibodi kushoto. Tulibishana kuhusu muda wa kusubiri, mimi nilitaka nusu sekunde, yeye akakataa, tukakuta wake ndio sahihi. Ameandika barua kwa shangazi yake, mistari kumi na moja. Makosa yapo lakini ni ya tahajia tu, herufi za kujirudia zimeisha kabisa. Nimeichapa nikampelekea mwalimu wake wa darasa na maelezo ya jinsi ya kuwasha kwenye mashine ya shule.

Sasa nina shida yangu binafsi. Leo asubuhi nimefungua laptop niandike ripoti ya kazini, kibodi haipokei kitu. Nabonyeza haraka haraka hakuna herufi, nikigandisha kidole ndiyo inatoka moja. Yeye ameshaenda shule. Naizimaje?

#21 KidoleKimoja

Shift ya kulia, sekunde nane. Na akirudi mwombe akufungulie akaunti yako pembeni.